Kitabu kiachwe kwa uamuzi, si kwa uchovu

KATIKA maofisi ya serikali na katika vyumba vya walimu, kuanzia Tabora hadi Kigoma na kwingineko nchini, husikika mara kwa mara maneno haya: "Kitabu kile kilinishinda, nikakitupa." Anayeyasema huyasema kwa kicheko, na wenzake hucheka pamoja naye, kisha mazungumzo huhamia kwenye mambo mengine. Hakuna anayemwuliza alikiachia ukurasa wa ngapi, wala kwa sababu gani, wala kitabu chenyewe kiko wapi sasa. Lau mtu huyo angesema kwamba ameliacha shamba lake la tumbaku palizi ikiwa nusu, wenzake wangeshtuka na kumhoji. Lakini kitabu huachwa, na dunia hukaa kimya.

Lipo kundi la pili, ambalo hujiona kuwa bora kuliko hilo la kwanza. Watu wa kundi hili hushikilia kwamba kitabu kikishaanzwa ni lazima kimalizwe, kiwe kizuri kiwe kibaya, kifae kisifae. Mtu wa namna hiyo huwa na kitabu kimoja mezani kwake tangu mwaka jana. Hakisomi, wala hakirudishi, wala haanzi kingine, kwa kuwa hicho hajakimaliza. Kwa jina yeye ni msomaji. Kwa matendo ameacha kusoma siku nyingi.

Makundi haya mawili hudhaniwa kuwa yanapingana. Kwa hakika ni ndugu wa tumbo moja. La kwanza huacha bila kuamua, na la pili huendelea bila kuamua. Yote mawili yanaikimbia kazi ile ile, nayo ni kazi ya kupima na kutoa shauri. Na kwa watu ambao mshahara wao hulipwa na umma ili wapime mambo na kutoa shauri, huo si udhaifu mdogo wa kuchekewa wakati wa chai.

Haki ya kukiacha kitabu ipo, na yapasa itetewe. Lakini ni haki ya mtu aliyetembea naye safari akafika mahali pa kupimia, akashusha mzigo, akauangalia, akasema kwa nini hauendelei. Hakuna mahali katika nchi hii panapoweza kulifundisha somo hilo kuliko Tabora.

NJIA YA WAPAGAZI

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara hadi Mpwapwa, ikavuka Ugogo ambako maji yalikuwa haba na watemi walidai hongo, yaani ushuru wa njia, kisha ikaingia nyika iliyoitwa Mgunda Mkali. Aliyeivuka nyika hiyo ndiye aliyefika Unyanyembe, yaani Tabora. Kutoka hapo njia ziligawanyika: moja ilikwenda magharibi kupitia Uvinza hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, na nyingine ilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua miezi mitatu kwa msafara wenye bahati. Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke, mwaka 1857, walitumia zaidi ya miezi minne.

Haifai kuipamba njia hiyo. Ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo shingoni wakipelekwa sokoni kama mifugo. Lakini pamoja na dhuluma hiyo, sehemu kubwa ya mizigo ilibebwa na watu huru waliofanya kazi ya ujira, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa njia hii, ameonyesha kwamba watu hao walikuwa na kanuni zao za kazi. Walijua ujira wao, walijua posho yao, walijua mwendo wa siku unapaswa kuishia wapi, na kanuni hizo zilipovunjwa waligoma.

Wasafiri wa Kizungu walijaza vitabu vyao malalamiko juu ya "watoro". Vitabu hivyo viliandikwa na mwenye mali, wala havikuandikwa na mwenye bega. Mpagazi aliyenyimwa posho kwa siku kadhaa, akashusha mzigo mbele ya wenzake na kusema haendi tena, alikuwa amefanya uamuzi. Mpagazi aliyeupokea ujira wa awali pwani, kisha akautupa mzigo kichakani kwenye kilima cha kwanza kabla jua halijapanda, alikuwa mtoro kweli. Wote wawili waliandikwa kwa jina moja katika daftari la tajiri. Historia ya haki inawatenganisha, na kwa wasomaji wa vitabu yafaa watenganishwe hivyo hivyo.

Msafara ulipofika Tabora mambo yalibadilika. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa amefika kwao, na mpagazi wa pwani aliyepatana kufika Unyanyembe alikuwa ametimiza mapatano. Mzigo ulishushwa hadharani, ukahesabiwa, na hesabu ikafungwa. Aliyetaka kwenda mbele hadi Ujiji alipatana upya, na mwenye msafara aliyekosa watu alikaa akingoja. David Livingstone alikaa Kwihara, jirani na Tabora, kuanzia Machi hadi Agosti 1872, kwa sababu hiyo hiyo: hakuwa na wapagazi wa kuendelea nao. Mpagazi aliyeweka mzigo wake Tabora hakuona haya. Alikuwa amevuka Mgunda Mkali, na aliyevuka Mgunda Mkali ana haki ya kusema inatosha.

Kila kitabu kina Mgunda Mkali wake, na kila kitabu kina Tabora yake. Zipo kurasa kavu za mwanzo ambazo msomaji huzivuka kwa kiu, ambapo majina ni mengi na maana bado haijafunguka. Kisha hufika mahali, aghalabu kwenye theluthi au nusu ya safari, ambapo mwandishi ameshaonyesha alichonacho. Hapo ndipo pa kuamulia. Anayekiacha kitabu kabla ya hapo hajui ameacha nini. Anayepita hapo bila kujiuliza lolote anabeba tu, kama punda.

MAAMUZI MAWILI YA TABORA

Mji huu umeshuhudia maamuzi mawili makubwa, la kuacha na la kuendelea, na yote mawili yanafaa kuchunguzwa na kila mtu mwenye kitabu mkononi.

Juni 1858 Burton na Speke walirudi Tabora, ambayo wao waliijua kwa jina la Kazeh, wakitoka Ujiji. Wafanyabiashara Waarabu wa hapo walikuwa wamewaeleza kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko lile waliloliona. Burton alikuwa mgonjwa, tena alitaka kukaa apange maandishi yake na kukusanya maneno ya lugha za nchi. Akaamua kubaki. Speke akaondoka Julai na watu wachache, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa ambalo wenyeji walilijua tangu enzi na enzi, na ambalo yeye alilipachika jina la malkia wake. Kabla Agosti haijaisha alikuwa amerudi Tabora, akisema kwamba hapo ndipo mto Nile unapoanzia.

Burton hakukosea kwa kubaki. Mtu mgonjwa ana haki ya kubaki, na kazi aliyoifanya akiwa Tabora ilikuwa na thamani yake. Kosa lake lilikuja baadaye. Kwa miaka mingi alibishana juu ya ziwa ambalo hakwenda kuliona, akilipima kwa hoja za mezani, akiwaeleza watu kwamba mwenzake amekosea. Speke naye alikuwa ametoa hukumu kubwa baada ya kuona ukingo mmoja tu wa maji. Lakini yeye alirudi, na tarehe 28 Julai 1862 akaona mahali pale Jinja ambapo mto unatoka ziwani. Mmoja aliacha sura ya mwisho kisha akaisemea. Mwingine aliruka kurasa, kisha akarudi kuzisoma.

Katika shule na maofisi ya leo wako akina Burton wengi mno, tena wasio na homa ya kujitetea. Wamesoma jalada la nje na maneno ya nyuma, au wamesikia redioni kitabu kikizungumzwa, na tayari wana hukumu: mwandishi huyu ni mgumu, yule hana jipya, wa tatu amepitwa na wakati. Kanuni iliyo wazi ni kwamba mtu aliyekiacha kitabu katikati anaruhusiwa kusema alichokiona hadi pale alipofika. Zaidi ya hapo, adabu inamtaka anyamaze.

Uamuzi wa pili ulifanyika Oktoba 1873. Livingstone alikuwa amefariki mwezi Mei mwaka huo katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliukausha mwili wake, wakaufunga vizuri, wakaubeba pamoja na maandishi yake. Walipofika Tabora walimkuta ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa na hatari. Ushauri huo haukuwa wa kipumbavu. Ulitolewa na mtu aliyekuwa ametoka kuivuka Ugogo muda si mrefu, na ulitolewa kwa watu waliokuwa wamechoka baada ya miezi ya kutembea.

Susi na Chuma waliusikiliza, wakaupima, wakaukataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo na mzigo wao. Mwaka huo huo maandishi waliyoyaokoa yalichapishwa Uingereza yakiwa kitabu, yakihaririwa na Horace Waller, na Susi na Chuma wenyewe walipelekwa huko kumsaidia kuyafafanua. Si lazima mtu amtukuze Livingstone ili auheshimu uamuzi huo. Inatosha kutambua kwamba wanaume na wanawake wa msafara ule walijua wanabeba nini, wanakibeba kwa ajili ya nani, na kwa nini hawakishushi. Walikuwa na kila kisingizio cha kuacha, na kisingizio chenyewe walikuwa wameletewa mkononi na Mzungu mwenye cheo.

MWALIMU HAACHI PEKE YAKE

Hapa ndipo lilipo jambo lenye uzito. Mkulima akikiacha kitabu chake cha hadithi, hasara ni yake mwenyewe. Mwalimu akikiacha kitabu, amekiacha kwa niaba ya darasa zima. Mwalimu wa Kiswahili hupewa orodha ya vitabu vya fasihi na kuachiwa achague vya kufundisha. Wako wanaochagua kwa kufikiri. Wako pia wanaochagua kwa kupima unene kwa vidole, na kitabu kilichowachosha wao usiku mmoja, umeme ukiwa umekatika, hakitaonwa na mwanafunzi hata mmoja kwa miaka kumi ijayo. Hakuna aliyekipiga marufuku. Kimekufa kwa mwayo wa mtu mmoja.

Marufuku yenyewe angalau hujulikana. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni, na watu waliijadili marufuku hiyo waziwazi, wengine wakiitetea na wengine wakiipinga. Lakini mwandishi huyo huyo alitoa Nagona mwaka 1990, kitabu chembamba kisichofika hata kurasa mia moja, na kitabu hicho kimeachwa na wasomaji wengi bila marufuku yoyote. Wanasema hakieleweki. Ni kweli kwamba hakiendi kama riwaya nyingine; hakina kisa kilichonyooka, na msomaji hujikuta katika safari ambayo hajaambiwa mwisho wake. Lakini mtu aliyesoma hadi chuo, akashindwa kumaliza kurasa zisizofika mia kwa sababu ya tatu haikufanana na alizozizoea, hawezi kukilaumu kitabu peke yake. Aliyekisoma chote mara mbili kisha akasema hakimridhishi ana neno la kusikilizwa, na huenda neno lake likawa sahihi.

Mahali pa kitabu kilichoachwa hapakai patupu. Panajazwa na "mwongozo", kile kijitabu chembamba chenye dhamira, wahusika na maswali ya mtihani yaliyokwisha kujibiwa. Mwanafunzi hununua mwongozo, na mwalimu mvivu huufundisha, na wote wawili huandika majibu mazuri juu ya kitabu ambacho hakuna kati yao aliyekifungua. Huo ni ubishi wa Burton uliogeuzwa kuwa mtaala. Taifa haliwezi kujivunia kijana anayeweza kutaja dhamira sita za riwaya ambayo hajawahi kuisoma.

Mtumishi wa ofisini naye asidhani kwamba amepona. Anayezoea kuacha kitabu kwa uchovu nyumbani huacha kwa uchovu na jalada kazini. Taarifa ya kurasa themanini juu ya visima vya wilaya humfikia mezani. Yeye husoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, hutia sahihi, na kulirudisha jalada masjala. Katika kurasa alizoziruka ndimo mlimoandikwa kijiji gani maji yake ni ya chumvi. Wanakijiji wataendelea kunywa maji hayo, na wala hawatajua kwamba shida yao ilianzia kwenye mwayo wa mtu aliyekaa kitini.

KASUMBA YA MTIHANI

Inafaa kuuliza tabia hizi zimetoka wapi. Chanzo chake ni kimoja, nacho ni kasumba ya kuamini kwamba kitabu ni kwa ajili ya mtihani. Mtoto aliyefundishwa hivyo husoma akiwa amefungwa kama mfungwa, na siku ya kumaliza shule huhesabu kuwa amefunguliwa. Baadhi yao huapa kutogusa tena kitabu kisichowapa cheti. Wengine hubaki na woga wa zamani, wakidhani mwalimu mwenye fimbo bado amesimama mlangoni akingoja wamalize. Kwa hiyo huyu hutupa na yule hung'ang'ania, na wote wawili bado wamo darasani ingawa nywele zao zimeota mvi.

Historia ya nchi hii ina mfano bora kuliko huo. Wakati wa sensa ya mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma hawafiki mtu mmoja katika kila kumi. Waliofanya kazi hiyo walikuwa mama na baba ambao vidole vyao vilikuwa vimekakamaa kwa jembe, wakikaa chini ya mwembe jioni baada ya kutoka shambani, wakifuatisha herufi kwa kijiti. Hakuna aliyewauliza kama kitabu cha kwanza cha kisomo kiliwaburudisha. Walivumilia kurasa kavu kwa sababu walijua kinachongojwa upande wa pili. Na wengi kati yao waliusahau baadaye ujuzi huo, kwa kuwa baada ya kitabu cha kisomo hawakupata kingine cha kusoma. Kwa watu hao, msomi anayetupa kitabu kizima kwenye kabati na kukifungia humo kwa kufuli anatenda jambo ambalo halina jina zuri.

Tabora yenyewe ilimlea msomaji wa kuigwa. Julius Nyerere alisoma katika Shule ya Tabora kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, na baada ya Makerere alirudi mji huo huo kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, kuanzia mwaka 1946 hadi 1949. Mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Mfasiri hana ruhusa ya kuruka ukurasa. Neno gumu humngoja hadi alipatie jawabu. Alipokwisha kuichapisha hakusema amemaliza. Aliirudia kazi hiyo, akairekebisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Mtumishi anayesema hana nafasi ya kumaliza kitabu kimoja kwa mwaka atafute sababu nyingine, kwa maana hiyo ya nafasi haimsaidii.

WANAOPINGA

Wapo watakaojibu kwamba maisha ni mafupi na vitabu ni vingi, kwa hiyo mtu asipoteze muda kwa kitabu kisichompendeza. Hoja hiyo husikika vizuri masikioni, nayo imetoka katika nchi ambazo mtu akikiacha kitabu leo atapata vingine kumi kesho asubuhi. Mwandishi wa Ufaransa Daniel Pennac, ambaye naye alikuwa mwalimu, aliandika mwaka 1992 orodha ya haki kumi za msomaji, na haki ya kutomaliza kitabu ilikuwa miongoni mwake. Lakini Pennac alikuwa akiwatetea vijana waliokuwa wakivitazama vitabu kwa hofu, ili wavisogelee. Alitaka kuwaingiza nyumbani. Wanaolitumia shauri lake kuwa kisingizio cha kutoingia kabisa wamemsoma kama wanavyosoma vitabu vingine, yaani ukurasa wa kwanza tu.

Zaidi ya hayo, hapa vitabu si vingi. Katika shule nyingi kitabu kimoja cha fasihi huzunguka mikononi mwa wanafunzi kadhaa. Penye uhaba, kila kitabu kinachopatikana kinastahili kusikilizwa kwa haki kabla hakijahukumiwa. Na kwa sababu hiyo hiyo ya uhaba, kitabu ambacho msomaji wake ameamua kukiacha hakina ruhusa ya kulala kabatini. Kirudishwe maktaba, apewe mwenzake, huenda yeye ndiye aliyekuwa akingojwa na kitabu hicho.

Wengine watasema kwamba viko vitabu vinavyoudhi, na kwamba mtu mwenye heshima hawezi kuendelea na kitabu kinachomkera. Kwa hawa kuna mfano ulio karibu kabisa na njia hii ya misafara. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, aliacha habari za maisha yake katika Kiswahili. Baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora, na njia ya Unyanyembe na Ujiji imo katika habari hizo tangu ujana wake. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha maandishi hayo mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Si kitabu cha kuburudisha. Kimejaa hesabu za frasila za pembe, bei, madeni na majina, na vita na utekaji wa watu vimesimuliwa humo kwa sauti ile ile ya mtu anayehesabu bidhaa dukani.

Msomaji wa leo, hasa yule ambaye huenda mababu zake walipita njia hiyo wakiwa wamefungwa, ana kila sababu ya kukasirika. Lakini hasira yake ni dalili kwamba yupo mbele ya ushahidi. Hakimu haondoki mahakamani kwa kuchukizwa na maneno ya shahidi. Hukaa, huandika, na hukumu huja baada ya kusikia yote. Anayekiacha kitabu hicho kwa hasira kwenye kurasa za mwanzo amemwacha mfanyabiashara aendelee kusema peke yake.

Hata hivyo yapo mambo yanayohalalisha kuacha, na yatajwe bila woga. Kitabu kinachosema uongo, na msomaji ameuthibitisha uongo wenyewe, kinaweza kuachwa. Kitabu kinachorudia katika sura ya tano yale yaliyosemwa katika ya kwanza kinaweza kuachwa. Kitabu ambacho msomaji bado hajawa na elimu ya kukielewa kinaweza kuwekwa kwa muda, kwa nia ya kurudi, kama mpagazi alivyopumzika Tabora akingoja msimu. Na kitabu kilichoanzwa kwa kujionyesha tu, ili mtu aonekane nacho mkononi, kiachwe leo hii, kwa kuwa hakikuwahi kusomwa.

SHAURI

Basi kila mtumishi na kila mwalimu ajiwekee utaratibu rahisi. Afikapo kwenye theluthi au nusu ya kitabu kinachomchosha, akishushe chini na kujiuliza mambo matatu. Kwanza, je, kilichoshindwa ni kitabu au ni msomaji? Pili, je, amevuka kurasa kavu za mwanzo, au yumo bado katikati ya Mgunda Mkali, ambako kila mtu huona kiu? Tatu, yuko nani mwingine, awe mwanafunzi au mwananchi, anayetegemea usomaji wake? Akijibu kwa haki kisha akaona aache, na aache siku hiyo hiyo bila aibu, akirudishe kitabu mahali kitakapopata mtu mwingine, na aanze kingine. Akiona aendelee, na aendelee kama Susi na Chuma walivyotoka Tabora, akijua anabeba nini na anampelekea nani.

Wakuu wa shule nao wana wajibu. Mwalimu anayekataa kitabu kilichomo katika orodha aandike aya moja ya sababu zake, na aya hiyo isomwe mbele ya walimu wenzake kabla ya muhula kuanza. Haihitaji fedha wala kamati. Itadhihirika mara moja nani amekisoma na nani amekipima kwa vidole.

Na siku nyingine atakapotokea mtu katika chumba cha walimu akisema kwa kicheko kwamba kitabu fulani kimemshinda, wenzake wasicheke kwanza. Wamwulize aliachia ukurasa wa ngapi. Akitaja ukurasa na sababu, wakae wamsikilize, maana huyo ni msomaji. Akibabaika, wakichukue kitabu hicho kutoka kwake na kumpa mwingine.